Pesa ya kupita: toka hongo ya misafara mpaka peaji ya Kasumbalesa

Wakaaji wengi wa Katuba hawana gari. Wengi hawajawahi kusimama mbele ya barieri ya peaji na kutoa pesa kwenye dirisha. Lakini wote wanalipa peaji, hata mtoto wa miaka miwili. Unga wa bukari tunaokula hapa Kisale, Upemba au Kimilolo mara nyingi umetoka Zambia, ukavuka mpaka pale Kasumbalesa, ukapanda mpaka Lubumbashi kwa barabara ya taifa namba 1. Ni kilomita karibu 90, na ni barabara ya kulipia. Shofa analipa. Mwenye kamioni anaitia ile pesa kwenye bei ya kubeba mizigo, muuza jumla anaitia kwenye mfuko, na mama wa sokoni anaitia kwenye kopo. Ikifika kwako haina tena jina la peaji, ni bei ya unga tu.

Kila mara unga ukipanda, sokoni watu wanataja Zambia, wanataja dola, kisha mmoja anataja peaji na mabishano yanaanza. Wengine wanasema ni wizi, wengine wanasema bila peaji tungerudi kwenye matope. Nimeona vizuri tuangalie jambo hili limetoka wapi, maana kulipa ili upite hakukuanza na Wachina wala na gudroni. Katika Katanga ni jambo la zamani kuliko mji wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Leo ukisema "hongo" mtu anaelewa rushwa. Katika karne ya 19 halikuwa tusi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipopita Ugogo, watemi waliidai hongo, yaani nguo, shanga na waya. Ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya mtu. Ugogo ni nchi kavu na visima vilikuwa vya wenyeji. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya watu na kula chakula cha watu. Basi walikaa chini wakabishana, mara nyingine kwa siku kadhaa, wakapatana, wakalipa, wakapita. Wasafiri Wazungu waliandika malalamiko mengi juu ya hongo. Juu ya maji waliyokunywa waliandika machache zaidi.

Msiri, mtawala wa Garenganze ambaye jina lake kila mtoto wa Katanga amelisikia, alikuwa Msumbwa, mtu wa upande huohuo wa Tabora. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Msiri alijua toka utoto kwamba mwenye njia ndiye mwenye nchi. Kutoka Bunkeya, ambayo leo iko jimbo la Lualaba, alishika njia za shaba, za pembe za ndovu na, tusifiche, za watumwa. Zilikwenda mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Angola. Hakuna msafara uliopita bila yeye kujua. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Kapiteni Stairs, uliokuja kwa jina la mfalme Leopold II. Tangu siku hiyo njia za Katanga zilipata mwenyewe mwingine.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno hongo lilipoanza kuharibika, hapa na kwingineko. Hongo ya zamani ilikuwa na mambo mawili. Ulijua unamlipa nani, na ulijua unapata nini. Ukiondoa yote mawili, inabaki pesa tu inayotoka mfukoni mwa mwenye safari. Hiyo ndiyo hongo tunayoijua leo.

Reli toka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, mwaka uleule ambao mji ulianzishwa. Wabelgiji hawakuweka barieri ya kulipisha franka mitaani. Waliweka karatasi. Mji wa Wazungu na siti ya Waafrika vilitenganishwa na eneo tupu, na Mwafrika aliyetaka kuvuka usiku, baada ya saa iliyowekwa, alipaswa kuwa na ruhusa iliyoandikwa. Kupita kulikuwa na bei hata bila pesa, na bei hiyo ilikuwa kuuliza. Siti ya kwanza ilikuwa Albert, leo Kamalondo. Kenya ikafuata, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia, watu walipojaa, Katuba yetu ikajengwa. Mnamo Desemba 1957 wanaume wa komini hizi walipiga kura kwa mara ya kwanza, ya kuchagua viongozi wa komini. Wanawake hawakuitwa. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Kuna jambo moja la kupita ambalo vijana wengi hapa hawalijui, nalo ni la kwetu kabisa. Mwanzoni mwa Desemba 1961, katika siku za Tshombe na Katanga iliyojitenga, majandarma wa Katanga waliweka barieri katika barabara za Elisabethville ili kukata njia kati ya makao ya askari wa Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege wa Luano. Tarehe 5 Desemba askari wa Gurkha wa jeshi la India walitumwa kuondoa barieri moja. Kapiteni wao, Gurbachan Singh Salaria, aliuawa hapo, na India ikampa nishani yake kubwa kuliko zote za ushujaa. Vita ikaenea mjini. Tarehe 16 Desemba askari wa Irelandi walishambulia pale ambapo barabara inapita chini ya njia ya reli, pale tunapopaita Tuneli. Waliichukua, na baadhi yao walikufa. Kwao mpaka leo jambo hilo linaitwa Vita vya Tuneli, na wazee waliopigana walilisimulia kila mwaka.

Sisi tunapita Tuneli bila kulipa chochote. Sijasikia mtu aliyewahi kupendekeza tulipe. Lakini ukiniuliza ni njia gani ya mji huu ilinunuliwa kwa bei kubwa kuliko zote, nitakuonyesha ile. Katika miezi ileile maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walikimbia nyumba zao za Katuba na za siti nyingine wakaenda kulala kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Waliokuwa watoto wakati huo bado wanakumbuka barieri maana yake nini. Mtu anasimama katikati ya barabara, anaangalia sura yako, anauliza jina lako, kisha anaamua.

Sasa twende mbali kidogo, kwenye upande mwingine wa nchi, kwa sababu huko kuna mfano mzuri wa peaji ambao hatuutaji vya kutosha.

Mwezi wa Mei 1983 Zaire ilifungua daraja la Matadi juu ya mto Kongo. Lilijengwa na Wajapani kwa mkopo wa Japani. Urefu wake ni mita 722, na sehemu ya katikati, inayoning'inia bila nguzo majini, ni mita 520. Lilikusudiwa kubeba pia treni ya kwenda Banana. Treni hiyo haikuja hata siku moja, na nafasi yake chini ya barabara iko wazi hadi leo. Lakini daraja limebaki zima. Sababu yake si muujiza. Shirika la serikali linalolisimamia, OEBK, linalipisha magari yanayovuka, na pesa hiyo imelipa rangi, grisi, ukaguzi wa kamba za chuma na mishahara ya mafundi. Mafundi wale ni Wakongo waliofundishwa na Wajapani wakati wa ujenzi. Waliendelea na kazi katika miaka ambayo mishahara ya Leta haikuonekana, na hata wakati wa vita. Wajapani waliporudi baada ya miaka mingi walishangaa kukuta daraja katika hali ile.

Nimeutaja mfano huu kwa makusudi, kwa sababu hapa Katuba tunasema haraka sana kwamba peaji yenyewe ndiyo ubaya. Kule Matadi peaji imeokoa daraja. Ilikusanywa darajani na ikabaki darajani, na yeyote anayevuka anaweza kuinua macho akaona kamba zimepakwa rangi.

Kwetu Katanga hadithi ilikwenda tofauti. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka wa 1971, lakini miaka ya 1980 na 1990 barabara zilikufa moja baada ya nyingine. Wenye umri wangu wanakumbuka kamioni zilizolala siku nyingi kwenye matope. Kisha katika mwaka wa 2008 zikaja sheria mbili muhimu. Ya kwanza, ya tarehe 7 Julai 2008, iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Pesa zake zinatoka hasa kwenye malipo yanayokatwa juu ya mafuta ya gari, na pia kwenye peaji. Ya pili, ya tarehe 7 Oktoba 2008, ilipanga madaraka ya miji, komini, sekta na uchifu. Wakati huo Gavana wa Katanga alikuwa Moïse Katumbi. Chini yake barabara ya Kasumbalesa ilitengenezwa upya, barieri za peaji zikasimamishwa, na usimamizi ukapewa kampuni.

Tusiwe watu wa kusahau, barabara ile ilibadilisha maisha. Safari iliyokuwa adhabu ikawa ya saa mbili. Kamioni za madini, za asidi, za mafuta na za mahindi ziliongezeka, na Lubumbashi ikapumua.

Lakini angalia hesabu. Shofa akinunua mafuta, tayari ametoa sehemu ya barabara ndani ya kila lita. Akifika kwenye barieri anatoa tena. Ni mtu yuleyule na barabara ileile, na analipa mara mbili. Kenya walikuwa na swali hilohilo. Katika miaka ya 1980 waliweka vituo vya kulipia kwenye barabara kuu, kisha mwaka wa 1993 wakapitisha sheria ya tozo ya mafuta kwa ajili ya kutunza barabara, na vile vituo vikaondolewa. Walichagua njia moja. Sisi tulichukua zote mbili kwa siku moja, katika sheria moja.

Kenya wamerudi kwenye peaji mwaka wa 2022 kwa barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27, iliyojengwa na kampuni ya Kichina ambayo inarudisha pesa yake kwa kulipisha magari. Bei inalalamikiwa, na imepanda. Hata hivyo, chini ya nguzo zake barabara ya zamani ya Mombasa bado iko, na haina malipo. Asiyetaka kulipa anapita chini na kuvumilia msongamano. Nilimwambia shofa mmoja jambo hilo tukiwa kwenye foleni ya kwenda mpakani. Akacheka: "Sisi barabara iko moja tu, papa. Utapita wapi?"

Dar es Salaam pia wamepitia mabishano haya. Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulitoa asilimia 60 ya gharama na serikali 40, na magari yakaanza kulipa ili mfuko urudishiwe pesa ya wanachama wake. Mwenye miguu anavuka bure. Watu wa Kigamboni walipiga kelele miaka mingi, na wabunge wakalipeleka jambo Bungeni. Mwaka wa 2022 serikali ilishusha bei na kuweka malipo ya siku, ya wiki na ya mwezi kwa wanaovuka kila mara. Ninachopenda katika hadithi hiyo si bei kushuka. Ninapenda kwamba kila mtu alijua deni ni la nani na kwa nini, kwa hiyo mabishano yalikuwa na pa kushika.

Deni likiisha, peaji inakwenda wapi? Uingereza wana mifano miwili inayopingana. Kwenye madaraja ya mto Severn, kati ya Uingereza na Wales, malipo yalifutwa Desemba 2018, baada ya gharama za ujenzi kulipwa na madaraja kurudi mikononi mwa serikali. Kule Dartford, mashariki ya London, gari linavuka mto Thames kwa tuneli kwenda kaskazini na kwa daraja kurudi kusini. Deni lilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu walitegemea malipo yaishe. Serikali ikabadilisha jina. Haikuwa tena peaji ya kulipa deni, ikawa malipo ya kupunguza msongamano. Wanalipa hadi leo. Basi jambo hili si ugonjwa wa Kongo peke yake. Barieri ikishasimama, kuiangusha ni kazi ngumu kila mahali.

Nirudi kwenye mfuko wa unga, kwa sababu nimeahidi hesabu. Tuseme kamioni inabeba tani 30. Hizo ni mifuko 1,200 ya kilo 25. Tuseme, kwa mfano tu, kamioni hiyo inalipa dola 300 njiani. Kila mfuko unabeba senti 25 za dola. Hiyo haiwezi peke yake kupandisha unga kwa dola kumi, na anayekuambia hivyo sokoni anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa. Lakini kamioni pia inarudi tupu, na inalala kwenye foleni ya Kasumbalesa, na kila siku ya kulala ina chakula cha shofa, mlinzi wa usiku na faida iliyopotea. Kisha kuna barieri ndogondogo, zile zisizotoa karatasi. Kule Kivu mbili, watafiti walihesabu mwaka wa 2017 vizuizi 798 njiani, vya jeshi, vya makundi ya silaha, vya ofisi mbalimbali. Kwetu hatujafika huko. Ila kila shofa wa njia ya Kasumbalesa anajua tofauti kati ya mahali anapopewa karatasi na mahali anapopewa macho makali, na bei ya kubeba anaipanga kwa kuhesabu yote mawili.

Ndiyo sababu naona swali la kwanza si peaji iwe kiasi gani. Swali ni nani anaweka kanuni, na kanuni inasomwa wapi.

Wengi hapa wanamlaumu burgumestri. Wanamlaumu bure. Komini ya Katuba haina mamlaka juu ya barabara ya taifa namba 1. Katiba ya 2006 imegawa kazi. Barabara zenye faida ya taifa ni za serikali kuu, za jimbo ni za jimbo, na komini inabaki na njia zake za ndani, soko lake na jetoni anayolipa mama kila asubuhi kwa ajili ya meza yake. Orodha ya kodi ambazo majimbo na komini zinaruhusiwa kukusanya imeandikwa, kwanza katika sheria ya Februari 2013, kisha katika ile ya tarehe 13 Machi 2018. Kodi ambayo haimo humo haina mguu wa kusimamia, hata kama anayeidai amevaa kofia. Katiba hiyohiyo inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki katika jimbo yalikokusanywa, yakatwe palepale. Mkaaji wa Katuba anayekanyaga maji ya mvua ili afike kituo cha basi anaweza kupima mwenyewe kama ameziona.

Tangu Julai 2015 kuna ugumu mwingine. Katanga iligawanywa majimbo manne, na barabara ileile moja toka Kasumbalesa mpaka Kolwezi sasa inapita Haut-Katanga na Lualaba. Kamioni ya shaba haijui imevuka jimbo. Shofa anajua, kwa kuwa barieri zinamkumbusha.

Nilisema tutarudi kwenye kura ya 1957. Tarehe 20 Desemba 2023, miaka 66 baadaye, wakaaji wa komini za miji mikuu ya majimbo walipiga kura ya kuchagua washauri wa komini, safari hii wanawake na wanaume. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Washauri hawana nguvu ya kubadilisha bei ya Kasumbalesa. Lakini wana mdomo wenye muhuri. Wanaweza kuandika barua kwa jimbo na kuomba mambo matatu: mkataba unaisha mwaka gani, kiasi gani kimekusanywa, na kiasi gani kimerudi barabarani. Wanaweza pia kuanza nyumbani, kwa kubandika mlangoni pa soko orodha ya kila pesa ambayo komini yenyewe inadai, pamoja na namba ya sheria yake. Ubao, rangi na mkono mzuri wa kuandika, hayo hayahitaji dola za Wachina.

Kwa upande wangu nimeanza kukusanya karatasi za malipo za njia ya Kasumbalesa na ya Likasi. Nataka za zamani hasa, za miaka ya kwanza ya peaji, wakati Katanga ilikuwa bado moja, ili tuzipange kwa tarehe na tuone bei ilipanda lini na kwa kiasi gani. Papa au kaka aliyekuwa shofa na ambaye bado anazo ndani ya kabati, tafadhali asizitupe na asiwashie nazo makala.